Hodi Mpaka Kizimkazi

Mama mkwe wangu aliweka nadhiri kando ya kitanda cha hospitali, wala hakumwambia mtu. Mume wangu alikuwa amelala pale hajitambui, homa imempanda kichwani, na sisi wawili tukipokezana kukaa naye, mimi asubuhi, yeye jioni. Mungu akamponya. Akarudi nyumbani amekonda kama ufito. Akaanza kunywa uji, kisha akala wali, kisha akaanza kulalamika kwamba wali hauna chumvi, hapo tukajua amepona kweli. Siku hiyo hiyo, tumekaa tunachambua mchele, mama akamwambia mwanawe bila ya kuinua macho:

"Mimi nna ahadi na Mungu. Nimesema nikirudishiwa wewe, nitakwenda Kizimkazi kwa miguu, nikasali rakaa mbili katika ule msikiti wa kale."

Mume wangu akacheka, halafu akaona mama hacheki. Sisi tunakaa Mji Mkongwe, na Kizimkazi iko kule kisiwa kinakoishia, kusini. Mama alikuwa keshapita sabini, na magoti yake yalikuwa yakilia kila akipanda ngazi za nyumba yetu. Mume wangu akaenda kuuliza kwa sheikh wa mtaani, akarudi na jibu la faraja: mtu mzima aliyeshindwa na nadhiri anaweza kuwalisha masikini badala yake, na Mungu ni mwingi wa rehema.

"Nnajua," mama akasema. "Lakini mimi sikuahidi chakula. Niliahidi miguu."

"Basi nikupeleke kwa gari mpaka Muyuni, ukashuke pale, utembee kilichobaki."

"Mungu hakukurudisha nusu, mwanangu."

Ikabidi awepo wa kufuatana naye. Mume wangu mwenyewe alikuwa bado akishika ukuta akitembea. Mabinti wawili wa mama wameolewa Maskati. Nikabaki mimi.

Nieleze kidogo tulivyokuwa, mimi na yeye. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo. Babu yangu alitoka bara, na baba yangu alikuwa fundi seremala. Watu wa mama ni Waarabu, wenye mashamba ya mikarafuu hapo zamani. Nilipoolewa na mwanawe hakunikataa, wala hakunikaribisha. Miaka yote nilikaa katika nyumba ile kama mgeni aliyekawia kuondoka. Ananistahi, ananiwekea mnofu mzuri wa samaki, lakini wakija watu husema, "Huyu mke wa mwanangu." Na kweli mimi ni mke wa mwanawe. Sikuwa na la kushitakia.

Tukaondoka katika kiangazi, kaskazi inavuma na embe zinaanguka zenyewe barazani kwa watu. Mama alitaka amalize kabla ya Ramadhani kuandama, na kabla ya masika kuigeuza njia matope. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri na mkoba mmoja mmoja: kanga, msala, tende, chupa ya maji, na ubani kidogo uliofungwa kwenye kitambaa. Tukapita Darajani maduka yangali yamefungwa. Tukaingia Ng'ambo, mitaa niliyokulia, na wanawake waliokuwa wakifagia nje wakaniita kwa majina ya utotoni, nami nikaona haya kidogo mbele ya mama, sijui kwa nini. Mwanakwerekwe tulifika soko limeshachangamka. Wapiga debe wakatukimbilia.

"Wapi, mama zangu?"

"Kizimkazi," mama akasema.

"Gari hii hapa, inaondoka sasa hivi!"

"Sisi tushaondoka," akamjibu, akapita.

Siku ile ya kwanza haikuwa na taabu. Fuoni anakaa binamu yake mama, na habari zilikwishapelekwa. Tulikuta geti limefunguliwa, vitanda vimetandikwa mashuka yaliyofukizwa udi, na meza imejaa mpaka tukaona aibu kuianza. Binamu huyo, mzee mwenye sauti kubwa, alimsihi mama jioni nzima aache mambo ya zamani. Asubuhi tukamkuta keshawasha gari lake, linanguruma mbele ya mlango.

Mama akalizunguka, akalipapasa bodi.

"Gari zuri, mashallah," akasema. "Mpeleke mkeo sokoni."

Kutoka hapo hatukuwa na ndugu tena njiani. Ndipo safari ilipoanza hasa, na ndipo nilipoanza kuwa na ile hali ambayo mpaka leo sijui niiite nini. Tulikuwa tukitembea asubuhi, jua likiwa juu tunatafuta kivuli, tunalala kwenye msala mpaka alasiri, kisha tunatembea tena. Joto lilikuwa likipanda kutoka kwenye lami, likifanya miti ya mbele ielee. Kuna wakati nilikuwa nikiona kijiji, nyumba na minazi yake, halafu tukifika hakuna kitu, ni mashamba ya mihogo tu na ndege mmoja anaita. Tulikuwa tukisema kidogo sana. Nilizisikia ndara za mama nyuma yangu, tap, tap, na sauti ile ikawa kama saa ya ukutani katika nyumba ambayo kila mtu amelala.

Karibu na Tunguu jua likaanza kushuka. Nikamwuliza, "Mama, leo tunalala wapi?"

"Mungu atatupa pa kulala."

"Atatupa. Lakini lazima mtu apige hodi."

Nikamtazama, nikafahamu. Mwanamke huyu maisha yake yote hakuwahi kupiga hodi kwa mtu asiyemjua. Kila nyumba aliyoingia, ilikuwa imeshapelekewa salamu kwamba anakuja, na mtu amesimama mlangoni anamngoja. Akakaa juu ya jiwe kando ya njia, akavuta baibui lake vizuri, akatazama upande mwingine, kama mtu anayengoja gari.

Nikaenda mimi. Nyumba ya kwanza iliitika sauti ya mwanamume peke yake, nikaomba radhi nikarudi. Ya pili akatoka mwanamke mikono inachuruzika maji ya sabuni. Aliniambia ana chumba kimoja na mtoto anaharisha, na uso wake ulionyesha kwamba kukataa kunamuuma kuliko mimi ninavyoumia kukataliwa. Ya tatu ilikuwa nyumba ya mwalimu wa madrasa. Mkewe alinisikiliza akiwa ameegemea mwimo wa mlango.

"Kizimkazi kwa miguu?" akasema. "Na mkweo? Yuko wapi mkweo?"

Nikamwonyesha kule kwenye jiwe.

"Jamani, umemwacha bibi wa watu juani! Nenda kamlete."

Walitupa banda la madrasa, la kuta za udongo na paa la makuti, na jamvi lililochanika pembeni. Wakatuletea muhogo wa nazi na chai. Mama alikula kidogo, akashukuru sana, akajilaza. Baada ya kitambo nikamsikia gizani.

"Hivi nyinyi kwenu mlikuwa mkilala chini?"

"Wakija wageni. Kitanda wanapewa wao, sisi tunashuka."

"Aha," akasema. Kisha, "Mgongo unazoea?"

"Unazoea, mama."

Tulichelewa kuamka. Tuliposali alfajiri, uchovu ukatushusha tena kwenye jamvi, na nilipofumbua macho kulikuwa na sauti nyingi ndogo pande zote, zinasoma kwa pamoja, kama mvua ya rasharasha. Nilidhani ningali usingizini. Watoto walikuwa wamekuja chuoni. Mwalimu amewaambia wasituamshe, wakakaa kutuzunguka, wamebana magoti, wanasoma kwa sauti ya chini huku macho yao yanatutazama. Mama alikuwa ameshaamka, amelala chali, hasogei. Midomo yake ilikuwa ikisoma nao.

Siku mbili tatu zilizofuata zimechanganyika akilini mwangu. Naikumbuka nyumba iliyotupa ukumbi wake, ambamo cherehani ilikuwa ikilia mpaka tukalala. Nakumbuka kisima ambacho mwanamke alitutekea maji, akatumwagia miguuni bila kuuliza, ndoo nzima, kisha akaondoka. Nalikumbuka sana pori la Jozani. Barabara inaingia chini ya miti, jua linabaki nje, na baridi ikakushika shingoni kama mkono. Kima wenye migongo myekundu walivuka mbele yetu mmoja mmoja, wa mwisho akasimama katikati ya lami akamtazama mama.

"Huyu ana uso wa shangazi yangu," mama akasema.

Nikacheka mpaka nikashika mti. Na yeye akacheka. Halafu, tukiwa bado chini ya miti ile, akaanza kunihadithia shamba la baba yake upande wa Kizimbani, jinsi alivyokuwa akilala mchana akiwa msichana, juu ya majamvi yaliyoanikiwa karafuu, na akiamka nywele zinanukia wiki nzima. Hakunihadithia ili nijibu. Nilitembea nikisikiliza, na harufu ya karafuu nikaisikia kweli, ingawa hapakuwa na mkarafuu.

Jioni ile tulifika Kitogani. Nilikuwa nikitafuta kwa macho nyumba yenye wanawake nje, nikaiona moja ina watu wengi: turubai limefungwa uani, wanaume wamekaa kwenye mabenchi wanasema kwa sauti ndogo, na mlangoni rundo la ndara. Nikajua ni msiba. Nikamnong'oneza mama tupite, tuwaache watu na yao.

"Nyumba ya msiba haipitwi," akasema, akatangulia.

Tukavua viatu, tukaingia kwa wanawake. Mama akawapa mkono wote, mmoja mmoja. "Mungu akupeni subira." Nami nyuma yake, "Mungu akupeni subira." Wakasogea, wakatupa nafasi kwenye mkeka, tukapewa kahawa na tende. Aliyekufa alikuwa bibi mwenye nyumba, amezikwa mchana ule. Walikuwa wakisoma, na msahafu ulipomfikia mama, akausogeza kwa jirani, akasoma kwa moyo. Nimeishi naye miaka mingi na sikuwahi kumsikia akisoma kwa sauti. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto karibu, na chumba kizima kikatulia. Mwanamke mmoja akaweka kichwa chake begani kwangu akalia, nami nikamshika, simjui jina lake.

Baada ya sinia la wali kuondolewa, binti wa marehemu akaja kukaa mbele yetu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Nisameheni, kichwa changu leo hakiko sawa. Nyinyi ni wa kwao mama, Makunduchi?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema.

"Basi mtakuwa wa upande wa baba."

Masikio yakaniwaka moto. Mama akautengeneza mtandio wake.

"Si wa Makunduchi, si wa upande wa baba. Sisi wapita njia. Tulikuwa tukitafuta pa kulala, tukakuta mna msiba, tukaona tuingie kukupeni pole. Sasa tutaondoka."

Binti yule akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. Kisha kikamtoka kicheko, akaziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika, na machozi nayo yanashuka.

"Muondoke mwende wapi? Mama yangu huyu tuliyemzika, tulikuwa tukigombana naye kila siku kwa ajili ya kulaza watu asiowajua. Mpita njia gani hajalala nyumba hii! Leo yeye hayupo, na wageni wake wanakuja vilevile." Akamgeukia dada yake. "Lete mito." Halafu, akinionyesha mimi kwa kidevu, "Na huyu?"

"Mwanangu huyu," mama akasema.

Nikamtazama. Alikuwa anakunja kanga yake vizuri, aiweke chini ya kichwa.

Tukalala sote kwenye mikeka, wafiwa na sisi, bega kwa bega, na usingizi wa watu wale waliochoka kulia ulikuwa mzito na wa joto. Asubuhi hawakutuacha tuondoke mpaka tunywe chai. Binti wa marehemu alitusindikiza hadi njia panda, akatuombea dua, nasi tukamwombea mama yake.

Mama alianza kuchechemea kabla ya kufika Muyuni. Alikuwa amenificha. Nilipomvua ndara, mguu wa kulia ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani. Nikamwambia nampigia simu mwanawe. Akanishika mkono uliokuwa na simu, mpaka nikairudisha mkobani.

Kulikuwa na nyumba ya mawe na udongo, imejitenga na nyingine, mbele yake mwanamke wa makamo anasokota kamba za usumba wa makumbi ya nazi. Nilikuwa naweka mkoba chini niende, nikaona mama keshanipita. Anachechemea, ameshika fito ya ua.

"Hodi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Akakohoa. "Hodi hapa!"

"Karibu," mwanamke akaitika bila ya kuacha kusokota.

"Mguu wangu umevimba, na mimi nataka kufika Kizimkazi. Nnaomba nikae kwako mpaka unywee."

Mwanamke akauangalia mguu kwa muda. "Utakaa siku," akasema.

"Nitakaa."

"Haya. Karibu."

Basi tukakaa. Siku ngapi, sikuhesabu. Nyumba ile haikuwa mahali pa kuhesabu. Yule mwanamke aliishi peke yake, watoto wamehamia mjini, na alisema lahaja yao ya kusini, nusu tukiifahamu, nusu tukiitikia kwa vichwa. Kila asubuhi alichemsha majani, akamweka mama mguu ndani ya beseni. Mchana kutwa kulikuwa kimya. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukipita juu ya paa, kuku wakifukua chini ya mpapai, na kamba ikirefuka kutoka viganjani mwa mwenyeji wetu, ikajikunja mapajani kama kitu kilicho hai kinachosinzia. Mama akaomba afundishwe. Kamba yake ilikuwa mbovu, nene huku, nyembamba kule. Mwenyeji akaifumua, akampa nyuzi nyingine. Mimi nilipika, nikateka maji, nikalala. Nililala kama sijawahi kulala tangu ugonjwa wa mume wangu ulipoanza. Nilikuwa nikiamka alasiri, nawaona wawili wale mlangoni, mwanga uko nyuma yao, na kwa kitambo sikumbuki niko wapi, wala sina haja ya kujua.

Siku moja jirani alikuja akauliza mimi ni nani. Mama akajibu huku anasokota, "Mke wa mwanangu." Nikatabasamu peke yangu jikoni.

Mguu ukanywea. Mwenyeji wetu hakutaka shukrani. Alitaka jambo moja, kwamba mama akifika amwombee mwanawe wa kiume aliyekwenda kufanya kazi kwenye mameli na hapigi simu. Mama akamwuliza jina la mtoto mara mbili, asilisahau.

Tulifika Kizimkazi asubuhi. Msikiti ule ni mdogo, ukiuona kwa nje utasema wa kawaida, una paa la mabati. Mwangalizi akatufungulia. Ndani kuna ubaridi wa mawe, na mihrabu iliyochongwa maandishi na mikono ya watu ambao hata mifupa yao imekuwa mchanga. Mama hakutazama chochote. Akatandika msala wake, akasimama, nami nikasimama nyuma yake. Rakaa mbili zile zilikuwa ndefu. Aliposujudu mara ya mwisho alikaa chini muda mwingi hata nikaanza kuogopa, halafu nikasikia kwamba anataja majina: la mwanawe, la yule kijana wa mameli, la bibi aliyezikwa Kitogani, ambalo sikujua hata kwamba ameliuliza, na langu.

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilihisi njaa, njaa kubwa ya furaha.

Nilimpigia simu mume wangu, akaja mchana na gari la rafiki yake. Tulikuwa tumekaa chini ya ukuta wa msikiti tunakula embe. Akambusu mama yake mkono, akafungua mlango wa gari.

"Leo hatwendi," mama akasema.

"Mama, nadhiri umeshatimiza."

"Nimetimiza. Sasa nataka kulala hapa."

"Kwa nani? Hapa tuna mtu?"

"Hatuna." Akafuta mikono yake na kanga, akanyoosha kidole kwenye nyumba za jirani, ambako moshi wa jikoni ulikuwa unapanda. "Nenda kapige hodi."

Mume wangu akanitazama mimi, kama mtu anayeomba msaada. Nikaendelea kula embe. Akaenda polepole, bado alikuwa hajapata nguvu zake zote, akasimama mbele ya mlango wa kwanza akaitengeneza kofia yake. Tulimwona akiinua mkono, akiushusha, akiuinua tena.

"Sema kwa sauti!" mama akampigia kelele. "Wako uani, hawakusikii!"

Alipata nyumba mlango wa nne. Mwenye nyumba alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyetuchekesha jioni nzima. Kesho yake tukarudi. Njia ile yote tuliyoitembea ilipita dirishani upesi mno, Muyuni, Kitogani, pori, na mimi nikishika kioo, nikijaribu kuzitambua nyumba, nyingi zikanipotea. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi, miguu yake miwili ameiweka mapajani mwangu.